Mjadala: Majina wanayoitana wanasiasa wa Marekani, tuyaandike kama yalivyo?

Mleta mada

Wakuu, naomba tulijadili hili kwa kina. Vyombo vyetu vya habari vya Kiswahili viache kuyachukua majina ambayo wanasiasa wa Marekani wanapachikana na kuyaandika kana kwamba ni maelezo ya mtu.

Novemba 2025 Zohran Mamdani, mzaliwa wa Kampala, alichaguliwa meya wa New York. Mwenyewe anajiita msoshalisti wa kidemokrasia. Donald Trump anamwita mkomunisti. Tuzitazame ahadi zenyewe. Kwanza, kodi ya pango isipande kwenye nyumba kama milioni 1 ambazo tayari kodi yake inadhibitiwa. Kiwango hupangwa kila mwaka na bodi ya watu 9 wanaoteuliwa na meya, na bodi hiyo imewahi kuweka sifuri kwa mikataba ya mwaka mmoja: 2015, 2016 na 2020. Nyumba zinabaki mali ya wenyewe. Pili, mabasi ya jiji yawe bure. Tatu, maduka 5 ya vyakula ya majaribio, moja kwa kila sehemu kuu ya jiji. Nne, kodi ya mapato iongezwe asilimia 2 kwenye kipato kinachovuka dola milioni 1 kwa mwaka, na hiyo meya hana mamlaka ya kuipitisha. Lazima bunge la jimbo, kule Albany, likubali.

Sasa weka hayo kando ya yale yaliyotupata sisi Watanzania. Februari 1967, siku chache baada ya Azimio la Arusha, mabenki yalitaifishwa. Mwaka 1976 ikaja Operesheni Maduka: wenye maduka binafsi vijijini wakaamriwa wafunge, nafasi yao ishikwe na maduka ya vijiji na ya ushirika. Hapo dola ilimwondoa mfanyabiashara. Maduka 5 ya jiji katikati ya maelfu ya maduka ya watu hayamwondoi yeyote. Msomaji wa Kigoma akiletewa neno "mkomunisti" bila maelezo, anaelewa kitu ambacho hakipo.

Mchangiaji, Nairobi

Ndugu yangu, unawaonea Wamarekani. Maneno ya siasa huhama maana kila mahali. Waraka Na. 10 wa Kenya wa 1965 ulibeba "usoshalisti wa Kiafrika" kwenye kichwa chake, na ndani ukalinda mali binafsi na kukaribisha mitaji ya nje. Katiba ya Tanzania, ibara ya 3, hadi leo inasema nchi ni ya kijamaa, na soko la hisa la Dar es Salaam linafanya biashara tangu 1998. Chama cha Liberal cha Australia ndicho cha wahafidhina. Marekani "liberal" ni anayetaka serikali isaidie zaidi. Hiyo ni historia ya kila nchi, wala si upotoshaji.

Mleta mada

Mkuu, umechanganya mambo mawili. Neno lililohama maana, na wote nyumbani wanajua limehamia wapi, sina ugomvi nalo. Tatizo langu ni neno linalorushwa ili watu waogope. Mwaka 1961 Ronald Reagan alirekodi santuri akionya kwamba bima ya serikali kwa wazee ingeleta usoshalisti. Mwaka 1965 Rais Johnson akaisaini bima hiyo, Medicare, na hospitali hazikutaifishwa, wala madaktari hawakugeuzwa watumishi wa serikali. Mwaka 2010 sheria ya afya ya Obama ikaitwa hivyohivyo, ingawa iliwaelekeza mamilioni kununua bima kwa kampuni binafsi, na ilifanana na ile aliyoisaini Mitt Romney, gavana wa Republican, huko Massachusetts mwaka 2006. Uingereza ndiyo iliyozichukua hospitali zikawa za serikali, mwaka 1948. Mipango mitatu tofauti, jina moja! Hapo msomaji amejifunza nini?

Hata wageni wanaosifiwa kwa usoshalisti wamelikataa neno hilo. Mwaka 2015, akiwa Harvard, Waziri Mkuu wa Denmark, Lars Løkke Rasmussen, alisema nchi yake iko mbali na uchumi wa kisoshalisti wa kupangwa. Ni uchumi wa soko. Denmark haina hata sheria ya kima cha chini cha mshahara: vyama vya wafanyakazi na waajiri hupatana wenyewe.

Mfasiri wa habari

Naongeza upande wa pili, maana mmeusahau. Oktoba 2024 Kamala Harris alisema anamwona Trump ni fashisti. Italia, kufikia mwisho wa 1926, Mussolini, kiongozi wa mafashisti, alikuwa amevipiga marufuku vyama vyote vya upinzani; hicho ndicho kipimo cha wengi. Lakini mwanahistoria Robert Paxton, aliyekuwa akikataa neno hilo kwa Trump, alibadili msimamo baada ya uvamizi wa Bunge la Marekani wa Januari 6, 2021, kwa sababu nguvu ilitumika kupindua matokeo ya uchaguzi. Kwa hiyo si kila mara ni tusi, na tukilifuta tunaficha hoja.

Mezani kwangu nafanya hivi. Kitenzi kiwe "amemwita", kamwe si "ni". Sentensi inayofuata itaje sera au kitendo kinachobishaniwa. "Liberal" ya Marekani siandiki "mliberali". Naandika "wa mrengo wa kushoto". "Majimbo mekundu" naandika "yanayoipigia kura Republican", kwa sababu kwingi duniani nyekundu ni rangi ya kushoto. Na "socialist" wa kwao naandika "msoshalisti". Ukiandika "mjamaa", umeshamwita Nyerere ndani ya habari, na vijiji vyake.

Mchangiaji, Nairobi

Kwa "msoshalisti" nimekubali. Kwa "fashisti" bado: kichwa cha habari kina maneno manane, sababu za Paxton utaziweka wapi?

Mfasiri wa habari

Kwenye sentensi ya kwanza chini yake. Zisipoenea hapo, neno lisiingie kwenye kichwa.