Shemeji anashika bastola yangu kama rimoti, nimwambieje bila kuvunja undugu?

Kipepeo Mweusi:

Wakuu, salaam. Nina jambo linaninyima usingizi na nyumbani siwezi kulisema lote.

Namiliki bastola kihalali, huu mwaka wa nne. Jumapili iliyopita nilikuwa na wageni: kaka mkubwa wa mke wangu, mkewe, watoto wao watatu, na mjomba wangu. Nikatoka nje kupokea simu. Shemeji akapita chumbani kwetu kutafuta chaja. Narudi sebuleni namkuta kwenye kochi, bastola yangu mkononi, anamwonyesha mjomba. Magazini, kile kibebeo cha risasi, ameshaichomoa, kailaza pembeni yake. Kidole kiko kwenye kifyatulio. Anaongea huku mkono unafuata maneno, na kila akigeuka mtutu unapita usawa wa goti la binti yake aliyekaa sakafuni anachora.

Nikamwambia taratibu, "Shemeji, hebu nipe hiyo." Akacheka: "Tulia bwana, haina kitu, magazini si hii hapa?" Nikaipokea, nikaelekeza mtutu kwenye kona isiyo na mtu, nikavuta nyuma slaidi, kile chuma cha juu kinachoteleza. Risasi ikaruka, ikagonga mguu wa meza, ikabingirika mpaka kwenye penseli za mtoto. Binti ndiye aliyeiokota akanipa.

Shemeji akasema "Kumbe!" halafu akarudi kwenye habari za mpira.

Shida yangu ni hii. Huyu ndiye aliyemsomesha mke wangu, na mke anasema nimemwaibisha kaka yake mbele ya watu. Halafu mjomba naye anayo ya kwake. Akifika tu anaitoa kiunoni na kuiweka mezani pamoja na funguo za gari, na sijawahi kumwambia neno kwa sababu ni mkubwa kwangu. Wote wanarudi mwisho wa mwezi. Nifanyeje?

Ngongoti:

Usiwakaribishe. Imeisha hiyo.

Mzee wa Shabaha:

Pole mkuu, na ulifanya vizuri kuvuta slaidi badala ya kubishana naye.

Nimefundisha watu kulenga shabaha muda mrefu, na kosa la shemeji yako nimelishuhudia kwa watu wenye akili zao timamu. Wanadhani magazini ndiyo bunduki. Magazini ni ghala tu. Risasi iliyokwisha kupanda chemba, pale inapokaa tayari kufyatuliwa, haina habari na ghala. Ziko bastola zilizoundwa zigome kufyatua magazini ikitoka, lakini nyingi hazigomi.

Kuna wengine wanajua kwamba slaidi lazima ivutwe, ila wanaanza nayo ndipo watoe magazini. Risasi ya kwanza inaruka, wanafurahi, kumbe slaidi ikirudi mbele imeshabeba ya pili. Magazini kwanza, slaidi baadaye. Vuta mara mbili tatu, kisha izuie ibaki wazi, uchungulie chemba na uguse kwa ncha ya kidole kidogo, maana kwenye mwanga hafifu macho hudanganya. Na ukishamaliza yote hayo, mtutu bado hauelekezwi kwa mtu, na kidole kinalala ubavuni mwa bastola, si kwenye kifyatulio.

Sasa nijibu wewe. Aliikuta wapi?

Kipepeo Mweusi:

Juu ya kabati, chini ya mashuka. Sefu ninayo, ya tarakimu, ila betri iliisha na nikawa nasema kesho, kesho.

Mama Wawili:

Basi mzembe wa kwanza tumempata, na si shemeji.

Samahani kwa ukali, nina watoto. Juu ya kabati kwa mtu mzima ni mafichoni. Kwa mtoto ni ngazi: droo ya chini, ya pili, ya tatu, amefika. Wangu akiwa na miaka sita alikuwa anajua kila zawadi ninakoificha na ananyamaza asinivunje moyo. Na usijidanganye kwamba kifyatulio ni kigumu kwake. Mtoto asiye na nguvu ya kidole kimoja huigeuza bastola, akashika mpini kwa mikono yote na kusukuma kwa vidole gumba viwili. Hapo mtutu unamtazama yeye.

Badilisha betri leo. Namba isiwe mwaka wako wa kuzaliwa wala wa mtoto. Kama sefu ni ndogo, ifunge kwa boliti, la sivyo mwizi anaibeba nzima nzima kama redio.

Kuhusu mkeo, usimlaumu kaka yake. Weka ile risasi mezani mbele yake mkiwa wawili, umwambie mtoto alikuwa amekaa wapi. Aibu ataipima mwenyewe.

Ngongoti:

Sasa mwizi akiingia usiku ataombwa asubiri jamaa abonyeze tarakimu? Silaha ya ulinzi ikifungiwa inakuwa chuma tu.

Mzee wa Shabaha:

Sefu nzuri inafunguka kwa sekunde chache hata gizani, ukiwa umezoea. Ifanyie mazoezi bastola ikiwa tupu na risasi zikiwa chumba kingine. Kwangu mimi silaha ina mahali pawili tu: mwilini mwa mwenyewe akiwa macho, au ndani ya kufuli. Chini ya mto, kwenye droo, kwenye mkoba ulioning'inizwa mlangoni, hapo si mahali. Mikoba ya wageni pia muiangalie, watoto hupekua.

Na watoto wafundishwe: wakiona silaha wasiguse, watoke, waite mkubwa. Ila hilo ni nyongeza. Mtoto aliyefundishwa vizuri bado ni mtoto.

Bisibisi:

Mimi nizungumzie mjomba, maana watu wamemruka.

Mkubwa hapewi amri, anapewa nafasi. Usimsubiri aketi. Mpokee mlangoni, umwambie: "Mjomba, leo watoto ni wengi, hiyo naomba tuiweke na yangu ndani." Hapo hujamsema yeye, umesema watoto, na mzee yeyote atakuelewa. Aitoe pamoja na holsta yake, ile ala ya kiunoni, iingie hivyo hivyo. Asianze kuchomoa magazini na kuvuta slaidi sebuleni kukuonyesha kwamba anajua. Silaha inayotulia ndani ya holsta haimpigi mtu. Ajali nyingi zinaanzia kwenye kushikashika. Na ukuta wa jasi au mlango wa mbao hauzuii risasi ya bastola, aliye chumba cha pili naye yumo.

Akinywa, haondoki nayo. Ila soma masharti ya leseni yako mapema, kwingine kulaza silaha ya mtu mwingine kwako ni kosa. Ukiona hivyo, mwambie wazi kwa simu kabla hajaja: mjomba, safari hii iache kwako.

Shemeji ni rahisi zaidi. Hana silaha, ana udadisi tu. Akiiulizia, jibu ni moja, bila hadithi ndefu. Ukianza kujieleza umefungua mjadala.

Halafu jambo moja la haraka: ikikuponyoka mkononi siku yoyote, iache ianguke. Ukiidaka, kidole kinatua palepale pasipotakiwa.

Mama Wawili:

Na chumba cha kulala kifungwe kwa ufunguo wageni wakiwepo. Chaja si ziko tele?

Kipepeo Mweusi:

Wakuu, mwisho wa mwezi umepita, narudisha mrejesho.

Betri nilibadilisha usiku uleule. Sefu sasa imefungwa kwa boliti nne ndani ya kabati. Mjomba nilimpigia siku mbili kabla. Akakaa kimya kidogo kwenye simu, kisha akasema, "Sawa, mwanangu," na alikuja mikono mitupu. Ilikuwa rahisi kuliko miaka yote niliyoiogopa.

Shemeji hakuchukua hata nusu saa. "Ile yako iko wapi, nimwonyeshe huyu mwanangu mkubwa?" Nikamjibu: "Imefungwa, shemeji, na leo haifunguliwi." Akanuna. Nilikuwa natafuta neno la kumpoza, mke wangu akanikanyaga mguu chini ya meza ninyamaze, kisha akamuuliza kaka yake habari za kazini.

Chaja nimenunua ya pili, inakaa sebuleni.