Naomba ushauri: kulanti inapungua na sioni inapovujia

Habari zenu wakuu. Gari langu linakula kulanti (kimiminika cha kupozea injini). Asubuhi injini ikiwa baridi nachungulia tangi la akiba, nakuta kiwango kipo chini ya alama ya mwisho. Naongeza, baada ya safari chache kimeshuka tena. Geji ya joto haijawahi kupanda na feni inafanya kazi kama kawaida.

Nimeshakagua ninachoweza. Chini ya gari ni pakavu, mipira ya rejeta haina ufa, zulia la mbele halina unyevu, kwa hiyo hita siishuku. Oili kwenye kijiti ni safi, haina ile rangi ya maziwa, na ekzosi haitoi moshi mweupe. Ila kwenye pampu ya maji, chini ya kile kitundu kidogo cha kutolea maji sili ya pampu ikianza kuvuja, kuna michirizi mikavu yenye rangi ileile ya kulanti. Hapo ndipo penye wasiwasi wangu.

Fundi anasema ni gasketi ya silinda hedi (kizibo kati ya kichwa cha injini na bloku), tufungue. Naona ni mapema mno, maana hata kipimo cha presha ya mfumo wa kupozea hakijafanyika! Gari hili linabeba familia yangu, sitaki kazi ya kubahatisha.

Mliowahi kukutana na hili, nianze na kipimo cha presha, mfuniko wa rejeta, au niende kwenye pampu moja kwa moja? Na kwa kuwa pampu inazungushwa na mkanda wa taimingi, nibadili vyote kwa pamoja?