Mteja anayependa wanawake, PHQ-9 imesoma 14: vikao nivipangeje?

Mnasihi_Sinza: Wakuu, habari za leo. Naomba ushauri wa kitaalamu, mahubiri tuyaache kando. Mteja ni mwanamke anayependa wanawake, anaishi kwa shangazi yake Tabata. PHQ-9 (dodoso la maswali 9 ya dalili za sonona, alama 0 hadi 27) imesoma 14, swali la 9, lile la mawazo ya kufa au kujidhuru, amejibu 0. Usingizi hana, marafiki amewakimbia, ndugu wanamshinikiza aolewe. Alishapelekwa kwenye maombezi ili "abadilike". Nianzie wapi?

Bi_Faraja: Kwanza rudi juu ufute Tabata na shangazi. Hatuvihitaji ili kukujibu.

Unachotibu ni sonona. Mapenzi ya jinsia moja yalitolewa na WHO kwenye orodha ya magonjwa mwaka 1990, na jopo la wanasaikolojia wa Marekani lililopitia tafiti mwaka 2009 halikupata ushahidi wa kutosha kwamba juhudi za kumbadilisha mtu zinafanikiwa.

Kuna mpangilio wa vikao 10 uliotokana na tiba ya utambuzi na tabia, uliojaribiwa New York kwa washiriki 60 na kuchapishwa 2020. Vikao vya mwanzo achore safu tatu: tukio, alivyojisikia mwilini, alichofanya baadaye. Mkizipitia pamoja ataona kujifungia chumbani kunaanza baada ya maneno gani ya nyumbani. Halafu mnaingia kwenye mawazo, kisha arudie kidogo kidogo anachokikwepa, kwa mfano rafiki mmoja anayemwamini.

Kwenye mawazo ndipo wengi wanaharibu. "Wakijua watanifukuza" usilihoji kana kwamba anajitungia. Inaweza kutokea kweli. Hilo lipangieni usalama: akiba ya nauli, pa kulala, mtu wa kumpigia. Ila "mimi ni mkosi kwenye ukoo" lichimbueni: nani alimwambia, lini, na yeye angemwambia hivyo rafiki yake?

Nesi_Temeke: PHQ-9 ni ya kuchuja tu, mhoji kwanza ndipo uandike sonona. Na faili hilo litapita mapokezi, famasi mpaka bima, kwa hiyo andika F32.1 (msimbo wa sonona ya wastani) na "mgogoro wa kifamilia", basi. Anampenda nani si habari ya faili. Meseji ya miadi iwe "kesho saa 9", bila jina la kituo. Zile safu tatu zibaki ofisini kwako. Daftari chini ya godoro litasomwa tu.

Mnasihi_Sinza: Nimeelewa, na bandiko nalihariri sasa hivi. Je, huyo mlezi nimwite kwenye kikao cha pamoja?

Bi_Faraja: Usimwite, labda mteja mwenyewe aombe na muwe mmeshakubaliana nini hakitasemwa. Kujitangaza kwa familia si lengo la tiba. Hata mazoezi ya kusema "hapana" yaanze kwa mtu asiyeweza kumdhuru, si kwa anayemlisha. Ila usihangaikie mapenzi yake tu, ukasahau kuuliza kuhusu kazi, pombe, misiba.

Nesi_Temeke: Rudia PHQ-9 kila wiki mbili. Ikishuka pointi 5 mnakwenda vizuri. Mkifika kikao cha 6 haijasogea, mpe rufaa kwa daktari wa akili, Muhimbili wapo, na mpigie wewe kabla hajaenda ujue atampokeaje. Swali la 9 likitoka 0 hata kuwa 1, muulize siku hiyohiyo, waziwazi: amefikiria kujiua, kwa njia gani, na hiyo njia anayo nyumbani?