Naomba ushauri: makumbusho yetu ya kijiji yanaweza kuuza vitu vichache ili yaokoe vingine?

#1 KatibuWaMchanga
Wadau, habari za jioni. Mimi ni msomaji wa kimya humu, leo nimebanwa.

Niko kaskazini mwa Kenya, kaunti ya Marsabit, kijiji kilicho ukingoni mwa jangwa la Chalbi. Tuna kikundi cha kijamii kilichosajiliwa, na kikundi kina makumbusho madogo: chumba kimoja cha mawe na ua. Si biashara. Kiingilio ni hiari, mlinzi analipwa mfadhili akipatikana. Ndani kuna gorfa, yaani vyombo vya maziwa, kengele za mbao za ngamia, vigoda, shanga, picha za wazee, na miti na mikeka ya nyumba nzima ya Kigabra (Wagabra ni wafugaji wa huku) ambayo mama mmoja alituachia alipohamia mjini. Na vitu vingine vingine.

Upepo wa safari hii umeng'oa nusu ya paa. Vumbi la chumvi limeingia kila pembe, ngozi zinapasuka, wadudu wameanza kula. Kaunti tumeiandikia, jibu ni "bajeti ijayo". Sasa ametokea mgeni mpenda historia, yuko tayari kununua vitu vichache ambavyo hata wageni hawaviangalii, kwa pesa inayotosha paa jipya. Kamati imegawanyika. Mwenyekiti, ambaye ni baba yangu mdogo, anasema hauzwi hata uzi. Mimi naona afadhali tukose vichache kuliko tukose vyote.

Kisheria na kiutu, inafaa? Naomba busara, si matusi.

#2 MpigaZumari
Nimekaa kiti cha mbele. Mwenye karanga apitishe.

#3 Mzee_Tarishi
Vijana mmeuza ardhi, mmeuza mifugo, sasa mmefika kwa mababu. Enzi zetu kitu cha mzee hakiguswi bila ruhusa ya ukoo. Baba yako mdogo amesema hapana, na wewe umekuja kututafuta sisi tusiokujua tuseme ndiyo. Hilo peke yake lingekutosha kama jibu.

#4 BiStoo
Mwanangu, nimefanya kazi stoo ya makumbusho mpaka nikastaafu, kwa hiyo hayo ya kuuza nitawaachia wengine. Nishike wadudu kwanza, maana wao hawasubiri kikao.

Kila kitu cha ngozi au chenye manyoya kifunge kwenye plastiki bila kubakiza hewa nyingi, ukitie kwenye friza yenye nyuzi 20 chini ya sifuri, kikae wiki mbili. Ukikitoa usikifungue mpaka kirudi kwenye joto la chumba, la sivyo unyevu utakipata. Kama friza iko zahanati au kwa muuza samaki, ongea nao. Usipulize dawa ya mende juu ya vitu. Usipake mafuta ya kula kwenye ngozi eti ilainike, unaandalia wadudu mezani.

Chumvi nayo ni adui, inavuta unyevu wa usiku. Tumia brashi laini kavu, usioshe na maji. Halafu hilo paa jipya: mabati bila dari ni jiko. Mchana joto, usiku baridi, mbao zitapasuka hata kama upepo hauingii. Tandika mikeka chini ya mabati, acha nafasi hewa ipite. Na kila kitu kiwe na namba na picha kwenye daftari. Mnalo daftari?

#5 ShangaziWaKilifi
Nimesoma nikakumbuka kwetu. Sisi Wamijikenda tuna vigango, nguzo tunazowasimamishia wazee wa chama cha Gohu waliofariki. Cha babu yetu kiling'olewa usiku nikiwa msichana. Tukaambiwa kijana wa jirani ndiye alikipeleka kwa wauza vinyago, naye akapata pesa za kununulia redio. Nyumba ile haikutulia tena: mara ugonjwa, mara ugomvi. Mama yangu mpaka anafariki alikuwa akiuliza kama kimepatikana. Kuna vigango vilivyorudishwa Kenya kutoka makumbusho ya Marekani, na kila nikisikia habari hizo naangalia picha kama nitakiona chetu. Sijakiona.

Yule kijana naye alisema ni nguzo ambayo hakuna anayeiangalia.

#6 MjusiWaLindi
Pole shangazi. Sisi huku Lindi yetu ni makubwa zaidi: mjusi wa Tendaguru, yaani dinosaria. Wajerumani walichimba kuanzia 1909 hadi 1913, mifupa ikabebwa vichwani mpaka bandarini, na leo yuko Berlin amesimama watu wanapiga naye picha. Sisi tumebaki na shimo na hadithi. Mkuu, uza, ila omba tiketi ya kwenda kuvitembelea.

#7 KatibuWaMchanga
Asanteni. BiStoo, ubarikiwe, friza iko kwa kituo cha wamisheni, nitaongea nao. Daftari lipo lakini halijakamilika. Shangazi, pole, ila kesi yetu ni tofauti, hapa hakuna anayeiba. Ni kamati inajadili.

Nirudi kwenye swali: mnaonaje kuuza?

#8 Nyaraka_Kamili
Kaka, umetaja gorfa, kengele, vigoda, shanga. Halafu "vitu vingine vingine". Halafu mgeni anataka "vitu vichache ambavyo hata wageni hawaviangalii". Ni vitu gani hivyo? Bila kujua kitu, hakuna atakayekupa jibu la kisheria.

#9 KatibuWaMchanga
Ni vitu vya kawaida tu, vya zamani.

#10 Nyaraka_Kamili
Vya zamani kiasi gani?

#11 MpigaZumari
Karanga zimeanza kupata ladha.

#12 KatibuWaMchanga
Sawa, niseme. Kuna sanduku la bati la marehemu mjomba wangu. Alichunga ngamia maisha yake yote, akifika mpaka karibu na ziwa Turkana, na alikuwa na tabia ya kuokota. Ndani kuna mawe yaliyochongwa makali na mifupa iliyogeuka mawe. Kuna kipande cha taya chenye meno. Mgeni hakutaka gorfa hata moja, ameulizia hilo sanduku.

Ila mjomba ndiye aliyeliachia makumbusho kwa mdomo wake, wazee walikuwepo. Ni mali ya familia iliyokuja kuwa ya kikundi, na si mali ya serikali. Tena aliokota zamani, kabla ya sheria hizi mpya. Na kwa mkazi wa kawaida, jiwe ni jiwe. Watoto wa shule wakija wanakimbilia nyumba ya Kigabra, sanduku hata halifunguliwi.

#13 Nyaraka_Kamili
Sasa umeuliza swali lenyewe.

Sheria ya Makumbusho ya Taifa na Urithi ni ya 2006. Kitu cha kale, kwa maana yake, ni kitu chochote cha kuhamishika kilichotengenezwa Kenya au kuletwa Kenya kabla ya 1895, ukiondoa vitabu na hati, pamoja na mabaki ya binadamu, wanyama au mimea yenye umri huo. Mawe yaliyochongwa yamo, na mifupa iliyogeuka mawe imo. Anayegundua kitu cha namna hiyo ana siku 7 kuwaarifu Makumbusho ya Taifa, akieleza ni wapi hasa na katika hali gani. Kufanya biashara yake kunahitaji leseni, kukitoa nje ya nchi kunahitaji kibali. Na hiyo "kabla ya sheria mpya" haikusaidii: kabla ya 2006 kulikuwa na sheria ya mambo ya kale ya 1983, na hata wakoloni walikuwa na yao.

Gorfa na vigoda ni habari nyingine. Vingi si vya kabla ya 1895, hivyo kikundi kinaamua kwa katiba yake, mradi waliovitoa walivitoa moja kwa moja na si kuvihifadhisha. Yule mama wa nyumba ya Kigabra alitia saini chochote? Kama hakutia, akirudi kesho kuidai mtasema nini?

Na paa lisiwachoshe sana. Katiba ya 2010, Jedwali la Nne, inaweka makumbusho kwenye kazi za kaunti. Mkiambiwa bajeti ijayo, nendeni kwenye vikao vya wananchi vya bajeti mkiwa na hesabu ya fundi mkononi.

#14 Msafiri_Mkavu
Naongeza moja. Kamoya Kimeu, yule Mkenya mtafuta mifupa ya kale, hakuanza kama profesa, alianza kama kibarua. Mwaka 1984, Nariokotome, ng'ambo ya pili ya ziwa hilohilo, aliona kipande kidogo tu cha fuvu. Kwa sababu walijua kimetoka wapi, walichimba palepale wakapata karibu mifupa yote ya kijana aliyeishi miaka milioni 1.5 iliyopita. Kipande hichohicho kikikaa kwenye sanduku bila jina la mahali, hakisemi chochote. Mjomba aliacha maelezo ya alikookota? Kuna mzee yeyote aliyechunga naye? Mwulizeni sasa hivi, kabla hata ya paa.

#15 MchungajiMstaafu
Mimi naona mnakosea wote. Mifupa ya kale na vitu vya mizimu havifai kukaa na watu. Zikeni. Paa mtajengewa na Mungu.

#16 BiStoo
Msizike, jamani.

#17 KatibuWaMchanga
Nashukuru kwa sheria. Lakini hao wa sheria mbona hawajawahi kufika hapa? Mjomba amekufa, sanduku limekaa miaka, hakuna ofisa aliyekuja kuuliza. Anayekuja ni huyu mgeni, na amekuja na pesa. Watu wa Nairobi watachukua sanduku, watatupa barua ya shukrani, na paa litabaki wazi. Huyu angalau amelipa nusu.

#18 Nyaraka_Kamili
AMELIPA nusu?

#19 MpigaZumari
Haya. Karanga zimeisha, leteni mahindi.

#20 KatibuWaMchanga
Ametoa kianzio. Si kwamba nimeuza, ni kushikilia tu. Mabati yamenunuliwa, yako Marsabit yanasubiri lori. Mngeona mvua inanyesha juu ya picha za wazee wenu mngefanya hivyohivyo. Kamati itapitisha, ninajua, ni suala la mwenyekiti kutulia.

#21 TwigaMacho
Samahani wakuu, niseme ukweli: hii ni CHAI. Akaunti imefunguliwa juzi. "Msomaji wa kimya" asiye na hata like moja. Kwanza vigoda, halafu sanduku, halafu taya lenye meno, halafu kianzio. Kila tukitulia anaongeza sukari. Na mvua Chalbi, jangwani?

Au ni kibaya zaidi: huyu ndiye mnunuzi. Anapima watu wanajua nini kuhusu sheria, na atapata vijiji vingine vyenye masanduku humu inboksi. Msimtajie mtu wala mahali.

#22 Mzee_Tarishi
Nilijua tangu mwanzo. Kijana wa kweli hamwiti baba yake mdogo kikwazo mbele ya watu.

#23 MjusiWaLindi
Mimi nilishaanza kumhurumia, nirudishieni huruma yangu.

#24 Binti_Laisamis
Mimi ni wa Marsabit, upande wa kusini. TwigaMacho, jangwa hunyeshewa pia, na ikinyesha Chalbi inageuka bwawa, magari yanazama. Hilo usimkamatie. Nimuulize mimi: Katibu, paa limeng'oka upande gani?

#25 KatibuWaMchanga
Kusini mashariki. Ndiko upepo unakotoka, mwaka mzima. Fundi wa kwanza hakuwa wa huku, aliacha mabati yametokeza upande huo na ukuta hakuufunga vizuri, upepo ukaingia chini ukalinyanyua. Mwenye kufikiri mimi ni mnunuzi aje aone, nitamchinjia mbuzi. Nimefungua akaunti juzi kwa sababu shida imekuja juzi.

#26 Binti_Laisamis
Amepita. Mtu wa kutunga angesema kaskazini. Kwangu ni wa huku, hata kama amekosea yote mengine.

#27 TwigaMacho
Upepo unaweza kusomwa mtandaoni. Bado nakunywa chai yangu taratibu.

#28 ShangaziWaKilifi
Hata kama ni chai, watoto wanaosoma hapa wajue. Katibu, mwanangu, nijibu kama unavyomjibu shangazi yako: sanduku liko wapi saa hizi? Liko makumbusho?

#29 KatibuWaMchanga
Liko kwangu, ndani, chini ya kitanda, kwa sababu ya paa.

#30 ShangaziWaKilifi
Lote?

#31 KatibuWaMchanga
Taya ameenda nalo. Kwenda kulipima, alisema kuna mtu Nairobi anaweza kujua umri wake. Aliniandikia karatasi. Angerudi nalo akija kumaliza malipo.

#32 MpigaZumari
Sitaki tena mahindi.

#33 Nyaraka_Kamili
Nisikilize, na TwigaMacho nawe unipishe kidogo. Kama ni kweli, umebaki na kazi ya kesho asubuhi na si ya kamati. Mwambie baba yako mdogo usiku huu, asisikie kwa mtu mwingine. Asubuhi nendeni wawili kituo cha polisi mkaandikishe, na mchukue namba ya ripoti. Siku hiyohiyo waandikieni Makumbusho ya Taifa. Wana makumbusho ya jangwa Loiyangalani tangu 2008, hawako mbali kama unavyodhani. Peleka karatasi aliyokuandikia, picha za sanduku na hesabu ya kilichobaki. Kianzio usimrudishie mkononi, andikeni kimepokelewa kiasi gani na kimetumika wapi. Kikundi kilichojitokeza chenyewe hakionekani sawa na kilichofuatwa. Na usimpigie mgeni simu kumwonya.

#34 KatibuWaMchanga
Nimeshampigia, baada ya ule ujumbe wa sheria. Nilitaka tu anirudishie kwanza, mambo yaishe kimya. Simu haipatikani.

Na mabati je? Lori linaondoka Marsabit kesho.

#35 BiStoo
Mabati achana nayo kwanza, mwanangu. Taya ulilipiga picha kabla halijaondoka?

#36 KatibuWaMchanga
Ninayo moja. Mpwa wangu amelishika mkononi, na gari la mgeni linaonekana nyuma.

#37 Binti_Laisamis
Namba ya gari inasomeka?

#38 KatibuWaMchanga
Herufi za mwanzo na tarakimu mbili.

#39 Binti_Laisamis
Usiiweke hapa. Nitumie inboksi. Lami ya kushuka Isiolo ni moja, na vizuizini kuna watu ninaowafahamu.