Bata wa kuokwa China: wa Beijing na wa Guangzhou ni yuleyule?

Korosho_Ligula:
Wakuu, tunatoka Mtwara watu watatu kwenda Guangzhou kuangalia mashine za kubangulia korosho, halafu siku mbili Beijing. Tunataka kula bata wa kuokwa wa asili. Miji yote miwili bata ni yuleyule? Tuagize mzima au nusu? Sote ni Waislamu, halali ni lazima.

Shangani_Pwani:
Si yuleyule kabisa. Wa Guangzhou hutiwa viungo tumboni, huokwa, kisha hukatwa na mifupa yake na kuliwa na wali, pembeni mchuzi wa plamu. Ni chakula cha mchana, hata mtu mmoja anajiagizia sahani.

Beijing unalipia ngozi. Bata hupulizwa hewa ili ngozi iachane na nyama, humwagiwa maji ya moto, hupakwa sukari ya nafaka, kisha hutundikwa akauke vizuri. Kabla ya kuingia tanurini hujazwa maji tumboni: nje anaokwa, ndani anachemka, ndiyo maana nyama haikauki. Mgahawa wa Quanjude, wa tangu 1864, humtundika kwenye tanuri la wazi juu ya kuni za miti ya matunda. Mgahawa mwingine, Bianyifang, huoka kwenye tanuri lililofungwa, na nyama hubaki na majimaji zaidi. Kwa mara ya kwanza chagueni mtindo wa kuni, ngozi yake ndiyo inayovunjika mdomoni.

Mla_Bata:
Kwa watatu agizeni mzima (yi zhi) na sahani moja ya mboga. Nusu ni ban zhi. Pigeni simu mapema, kuoka tu ni kama saa nzima.

Ngozi ya kifua ikifika mezani, anzeni nayo papo hapo. Wengine huichovya kwenye sukari nyeupe. Ikipoa hulainika, na hapo ndipo wageni wengi hupoteza pesa yao, wanapiga picha hadi mvuke unaisha. Kisha chukua kichapati kimoja, vingine viache vimefunikwa kwenye kikapu chake maana hukauka upesi. Paka mchuzi mweusi kidogo tu, una chumvi nyingi. Weka vipande viwili vitatu vya bata, majani ya kitunguu, tango, kunja, kula kwa mkono.

Ulizeni kama vichapati na mchuzi vina bei yake, sehemu nyingine hutozwa kwa kichwa. Na semeni mapema mifupa ipikwe supu. Bakshishi hakuna.

Bi_Mikindani:
Ndugu zangu, msitulie kwa sababu tu bata si nguruwe. Kuna uchinjaji, kuna pombe ya mchele jikoni, na vibanda vingi vya Guangzhou hukatia bata na nguruwe ubao mmoja, kisu kimoja. Tafuteni alama ya halali, 清真 (qingzhen), mlangoni. Guangzhou nendeni mtaa wa Xiaobei. Beijing ni Niujie, karibu na msikiti.

Korosho_Ligula:
Shukrani sana. Wa Beijing anaweza kupikwa huku kwetu?

Shangani_Pwani:
Kwa shida. Bata wetu hawa wenye nyama nyekundu usoni hawana mafuta ya kutosha chini ya ngozi. Na ukimtundika nje kwa unyevu huu wa pwani hakauki, anaharibika. Mweke kwenye friji bila kumfunika, usiku kucha, baada ya kumpaka asali iliyozimuliwa kwa maji.