Tupeane uzoefu: mliomwona Mona Lisa, anahitaji kweli chumba kipya?

Mpemba_Ughaibuni
Wakuu, dada yangu anakuja Paris akitokea Dar, kaona kiingilio cha Louvre, lile jumba la makumbusho alipo Mona Lisa, akanipigia kwa hasira. Tangu Januari 2026, asiyekuwa raia wala mkazi wa nchi za Umoja wa Ulaya, Norway, Iceland au Liechtenstein analipa euro 32, wengine 22. Rais Macron wa Ufaransa anataka lango jipya upande wa mashariki, na Mona Lisa ahamie chumba chake chenye tiketi ya peke yake. Makadirio ya awali ni euro milioni 700 hadi 800. Mliofika, inastahili?

Kidoti
Kapicha kadogo kama trei ya chai. Niliona visogo tu.

MzeeWaKahawa
Ubaguzi mtupu.

Lulu_Brussels
Mzee, hata Waingereza wanalipa 32. Serengeti mgeni analipa sawa na wewe?

MzeeWaKahawa
Simba wetu hatukuwaiba kwa mtu. Usinichokoze.

MamaZuu
Mmenikumbusha balaa! Si Louvre, jumba lingine huko huko Ulaya, silitaji. Nilimpeleka mama mkwe kutoka Tanga. Watu wamebanana, nageuka, mama hayupo. Simu yake ninayo mimi mkobani. Lugha yao haijui, na mume wangu kashapiga mara mbili, "Mama anafurahia?" Nikamjibu anafurahia sana, huku miguu inatetemeka. Nimezunguka kumbi mpaka nikaanza kutunga maneno ya kumwambia mume. Nikamkuta kakalia kiti cha mlinzi, mlinzi kasimama, mama anamsimulia kwa Kiswahili habari za minazi yake.

Kidoti
😂😂 Mlinzi alijibu nini?

Fundi_Rangi
Turudi kwenye mada. Piramidi ya kioo pale lango la Louvre, kazi ya msanifu majengo Pei, nayo ilitukanwa sana, leo kila mtu anapigia picha pale. Lakini ilipangiwa wageni kama milioni 4 kwa mwaka. 2024 waliingia karibu milioni 8.7. Na mkurugenzi mwenyewe aliandika kwamba maji yanavuja. Watengeneze.

Lulu_Brussels
Waanze na ulinzi. Oktoba 2025 wezi walipanda kwa lori la ngazi, dakika chache tu, vito vya euro milioni 88 vikaondoka.

MzeeWaKahawa
Wangemweka mama mkwe wa MamaZuu mlangoni.

Fundi_Rangi
Mpemba, dada aende Jumatano au Ijumaa jioni, wanachelewa kufunga.

Kidoti
Aende asubuhi. Au anunue fulana yenye picha, akale biriani.

Mpemba_Ughaibuni
Kashakata tiketi ya ndege, anafika Jumatatu usiku, anataka aende kesho yake.

Lulu_Brussels
Jumanne hawafungui.

MamaZuu
Kidoti, mlinzi alikuwa anaitikia kwa kichwa tu, maskini.