Malalamiko: Gereji imenifungia matairi ya 285/75R16 kwenye Prado bila hata kuniuliza gari linakwenda wapi

Wakuu, heshima kwenu.

Nimesubiri wiki tatu kabla ya kufungua uzi huu ili nisiandike kwa jazba, lakini kila asubuhi nikilitazama gari langu lililoegeshwa uani hasira inarudi upya. Nilipeleka Prado yangu ya toleo la 90, yenye injini ya dizeli ya 1KZ-TE, kwenye gereji moja hapa Arusha inayojitangaza kuwa ni ya wataalamu wa magari ya porini. Jina lake sitalitaja. Nilichoomba kilikuwa kidogo: matairi yangu ya 265/70R16 yalikuwa yamebaki vipara, nikataka matairi mapya yatakayovumilia mawe, na springi za nyuma zibadilishwe kwa sababu zilikuwa zimelegea. Nilirudishiwa gari lililonyanyuliwa inchi mbili na nusu, likiwa na matairi manne ya matope ya 285/75R16, spesa (vipande vinavyolisukuma gurudumu nje) za milimita 30 kila gurudumu, madigadi yaliyokatwa kwa gurainda, na hesabu ya shilingi milioni 7 ambayo sehemu yake bado nailipa.

Fundi mkuu aliniambia kwamba gari la porini lisilo na tairi kubwa ni teksi. Nakiri kwamba nilimwamini na kutoa malipo ya awali, kwa sababu mtu anayekaa na magari ya watalii mwaka mzima nilidhani anajua asemalo. Hata hivyo, tangu siku ya kwanza hadi siku ya kuchukua gari, hakuna mtu aliyeniuliza ninaendesha wapi, nabeba nini, na kwa mwendo gani. Angeniuliza ningemwambia kwamba sehemu kubwa ya safari zangu ni lami ya Arusha, Makuyuni na Karatu, na kwamba mara moja au mbili kwa mwezi nashika barabara ya Mto wa Mbu kupitia Engaruka hadi Ngare Sero kwa kazi ya visima vya maji. Wanaoijua barabara hiyo wanajua ilivyo: vumbi la majivu ya volkano, mawe makali ya lava yanayochana ubavu wa tairi, na makorongo ya mchanga ambayo wakati wa mvua hujaa maji kwa ghafla. Tope zito la kuhitaji tairi la matope nalikuta siku chache sana kwa mwaka.

Naomba tufanye hesabu pamoja, kwa kuwa hesabu hii ingeweza kufanywa pale gerejini kwa simu ya mkononi ndani ya dakika mbili. Katika 265/70R16, namba 265 ni upana wa tairi kwa milimita, 70 ni kimo cha ubavu kwa asilimia ya upana huo, na 16 ni kipenyo cha rimu kwa inchi. Rimu ya inchi 16 ni milimita 406.4, ukiongeza mbavu mbili za milimita 185.5 unapata tairi lenye kimo cha takriban milimita 777. Kwa njia hiyo hiyo, 285/75R16 inatoa takriban milimita 834. Tofauti ni milimita 56.5, na kwa kuwa nusu tu ya tofauti hiyo ndiyo inayoingia chini ya ekseli, nilichopata kama nafasi ya kupita juu ya mawe ni milimita 28. Kule kunyanyua kwa inchi mbili na nusu hakukuiinua difu ya nyuma (lile boksi la gia katikati ya ekseli) hata milimita moja, kwa sababu ekseli ya nyuma ya gari hili ni ya kipande kimoja na kimo chake hutokana na matairi peke yake. Bodi imepanda, difu imebaki palepale, na jiwe la Engaruka linagonga difu.

Kwa milimita hizo 28 nimelipa mambo mengi. Tairi lililokua kwa asilimia 7 ni sawa na kuirefusha kila gia kwa asilimia 7, maana yake nguvu ya kuvuta inayofika ardhini imepungua kwa kiasi hicho hicho, na gereji haikugusa uwiano wa meno ya difu, ambao ungeweza kuirudisha nguvu hiyo, wala haikunitajia kwamba kuna kitu cha namna hiyo. Tairi moja nililipima mwenyewe kwenye mzani wa dukani na lilizidi lile la zamani kwa kilo 8. Wenye 1KZ-TE wanajua kwamba silinda hedi yake (kifuniko cha juu cha injini) ya alumini haisamehi joto. Ikichemka mara moja inaweza kupasuka. Siku ya kwanza nilipopanda mlima kutoka Mto wa Mbu kuelekea Karatu, mshale wa joto, ambao kwa miaka sita sijawahi kuuona ukivuka nusu, ulivuka nusu, nikalazimika kusimama pembeni.

Spidi mita nayo sasa inanidanganya. Nikiwa na mwendo halisi wa kilomita 107 kwa saa kwa kipimo cha simu, dashibodi inasema 100. Kwenye vibao vya 50 nikidhani nimetii, naweza kuwa natembea karibu 54, na trafiki mwenye tochi hatataka kusikia habari za kipenyo cha tairi kabla ya kuniandikia faini. Vilevile kilomita 5,000 ninazohesabu kati ya kumwaga oili na kumwaga tena ni zaidi ya 5,360. Mteja anastahili kuambiwa hayo kabla ya kulipa.

Sasa nieleze jinsi kosa moja lilivyozaa mengine, kwa sababu hapa ndipo ninapoona kwamba kazi nzima iliendeshwa kwa kubahatisha. Rimu zangu za kiwandani zina upana wa inchi 7, ilhali 285/75R16 hutakiwa rimu ya kuanzia inchi 7.5. Wakalibana tairi kwenye rimu nyembamba hivyo hivyo. Tairi likagusa mkono wa juu wa suspensheni, na badala ya kukubali kwamba ni kubwa mno kwa rimu hiyo, wakaweka spesa kulisukuma nje. Likiwa nje, ukikata usukani linachora duara kubwa zaidi, kwa hiyo likaanza kugonga nyuma ya madigadi. Wakaleta gurainda na nyundo. Halafu ili lisiguse juu, wakanyanyua mbele kwa kuweka vipande vya chuma juu ya springi zilezile za zamani. Kunyanyua huko kumezipinda ekseli fupi za mbele kwa pembe kali, na kabla ya kufika kilomita 900 mpira wa jointi ya kushoto ulikuwa umechanika na grisi imetapakaa ndani ya rimu. Gari halikupelekwa kupimwa alaimenti (mpangilio wa pembe za magurudumu), hivyo usukani haurudi katikati wenyewe. Barabarani napigana nao kama ninayeendesha kwenye upepo mkali. Bei ya spesa waliniandikia, ila kwamba spesa hizo zinaongeza mzigo kwenye bearingi za magurudumu hawakuniambia.

Jambo lililonifanya niandike uzi huu, hata hivyo, ni breki. Gari hili lina vali iliyounganishwa na ekseli ya nyuma kwa kijiti, na kazi yake ni kugawa nguvu ya breki za nyuma kulingana na mzigo: nyuma ikiinama vali inaelewa kwamba gari limebeba, ikinyanyuka inaelewa kwamba gari ni tupu na inapunguza nguvu ya breki za nyuma ili zisikwame. Ukiinyanyua nyuma kwa springi ndefu bila kurekebisha kijiti hicho, vali itaamini kwamba gari ni tupu daima, hata likiwa limejaa watu na mizigo. Hawakukigusa. Niligundua hilo nikishuka kutoka Karatu kwenda Mto wa Mbu, kwenye zile kona za ukingo wa Bonde la Ufa, nikiwa na mke wangu, watoto wawili na mama mkwe, na buti limejaa viazi. Kona ya tatu kanyagio lilianza kulainika, harufu ya breki za mbele ikaingia ndani, na gari likachukua umbali ambao sikuutegemea kabla ya kutulia. Nilishuka kwa gia ya pili hadi chini. Fundi mwingine, mzee mmoja mwenye gereji ndogo isiyo na bango, alilala chini ya gari kwa dakika tano akanionyesha kile kijiti, akasema, "Mwanangu, hawa wamekunyanyulia gari wakasahau kulinyanyulia breki."

Na tairi la akiba? Waliniachia lile la zamani la 265/70R16, kwa maelezo kwamba jipya ni zito mno kwa bawaba za mlango wa nyuma. Prado hii inaendesha magurudumu yote manne muda wote, kwa hiyo ukifunga tairi lenye kimo cha milimita 777 upande mmoja na la 834 upande wa pili, difu ya kati na ile ya ekseli hiyo zinalazimika kusaga tofauti hiyo katika kila mzunguko. Ukipata pancha Ngare Sero, uchague kulala huko au kuua difu ukirudi.

Nilirudi kwao nikiwa nimeandika haya yote kwenye karatasi. Jibu lilikuwa kwamba ni mambo ya kawaida kwa gari lililonyanyuliwa, na kwamba nikitaka wanaweza kunibadilishia meno ya difu, kuniwekea mikono mipya ya suspensheni na rimu pana zaidi, kwa malipo mengine. Kwa maneno mengine, nilipe tena ili kosa lao lipate mahali pa kukaa. Hilo ndilo siwezi kulikubali. Kubadili meno ya difu ni kazi halali na ya maana kwa anayehitaji tairi kubwa kwa dhati, na wapo watu hapa jukwaani ambao magari yao yametengenezwa hivyo kwa uangalifu na yanafanya kazi vizuri. Mtu huyo huelezwa gharama yote kabla tairi la kwanza halijafungwa.

Gari langu lilihitaji 265/75R16, ya namna ya A/T (ya lami na porini) yenye ubavu mgumu. Kimo chake ni takriban milimita 804, linakaa kwenye rimu ya inchi 7 bila spesa, na spidi mita inapotea kwa asilimia 3 hivi tu. Kwa nyuma ningehitaji springi za kubeba mzigo zenye urefu wa kiasi, pamoja na kurekebisha ile vali. Bajeti ingebaki hata kwa tairi la tano na pampu ndogo ya upepo, ambayo kwenye mchanga ingenisaidia kuliko inchi zote walizoniongezea, kwani kushusha upepo kutoka psi 35 hadi 18 hulitandaza tairi na kulifanya lielee, mradi ujaze tena kabla ya kurudi kwenye lami.

Nimewadai kwa maandishi wayachukue matairi yao, warudishe fedha za spesa na za kunyanyua, na wagharamie madigadi mawili. Wamenipa hadi mwisho wa mwezi kusubiri jibu. Kwa sasa gari halitembei.

Kwenu wakuu nina maswali mawili. Je, kuna aliyefanikiwa kudai fidia kwa gereji kwa kazi ya namna hii, na alianzia wapi? Na pili, kwa wenye Prado ya 90: je, mmewahi kufunga 235/85R16 kwenye rimu ya kiwandani? Kimo chake ni milimita 806, karibu sawa na 265/75R16, lakini ni jembamba kwa milimita 30, na nataka kujua kama linapita bila kugusa mkono wa juu na linavyojiendesha kwenye mchanga wa makorongo ya Engaruka.